Maswali ya Wasomaji: Dau la Mapema kwa Farasi Wanagenzi wa Viunzi

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam kutoka Uyole, Mbeya. Mimi na wenzangu hufuatilia mbio za farasi za Uingereza na Ireland kwa simu, na mara nyingine katika duka la kubeti pale Mwanjelwa. Msimu huu nimevutiwa na mbio zinazofungua tamasha la Cheltenham, huko Uingereza, mwezi Machi, zile za farasi wanagenzi wa kuruka viunzi. Yuko farasi mmoja aliyeshinda mara mbili tangu Novemba, tena kwa kuwaacha wenzake mbali sana, na bei yake sasa ni 6.00, yaani akishinda, kila shilingi ya dau hulipwa sita. Wenzangu wananihimiza niweke dau kabla bei haijashuka. Nitajuaje kama farasi huyu anastahili?
Msomaji, Uyole

JIBU: Ndugu yetu wa Uyole, wenzako wanasema kweli kwamba bei ya farasi anayeshinda kwa namna hiyo haisubiri Machi. Lakini wanapita juu ya jambo ambalo mimi huliweka mbele ya mengine yote ninapomtazama mwanagenzi, yaani farasi ambaye kwa kawaida hakuwahi kushinda mbio za viunzi kabla ya msimu huu kuanza. Je, atakimbia katika mbio hizo hizo, siku hiyo hiyo? Bei ya mapema huwa kubwa kwa sababu mwenye dau anabeba hatari mbili kwa pamoja, ile ya farasi kushindwa na ile ya kutofika kabisa mstari wa kuanzia.

Tamasha la Cheltenham huchukua siku nne, na mwanagenzi hodari ana mahali kadhaa pa kupelekwa. Jumanne ndiyo siku ya mbio unazoziulizia, Supreme Novices' Hurdle, zenye takribani kilomita 3.3 na viunzi vinane. Jumatano zipo mbio za wanagenzi za kilomita 4.2 hivi, na Ijumaa nyingine za karibu kilomita 4.8, mbali na zile zilizotengwa kwa majike na kwa farasi wa miaka minne. Mkufunzi mwenye wanagenzi wengi wazuri, kama Willie Mullins wa Ireland, huwagawa katika mbio hizo ili wasiumizane wenyewe kwa wenyewe, na mara nyingi hatangazi mgawo wake mpaka siku za mwisho.

Mwaka 2024 ulionyesha jambo hili waziwazi kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka. Mwezi Februari, farasi wa Mullins aitwaye Ballyburn alishinda mbio za wanagenzi huko Leopardstown, Dublin, katika umbali unaokaribiana na ule wa Jumanne ya Cheltenham, akimwacha nyuma farasi aitwaye Slade Steel. Aliyezitazama mbio zile alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba Jumanne ya Machi ilikwisha kupata mwenyewe. Mkufunzi akampeleka Ballyburn kwenye mbio ndefu za Jumatano, naye akashinda kwa tofauti ya urefu wa farasi 13. Mbio za Jumanne akazishinda Slade Steel yule yule aliyekuwa ameshindwa Dublin. Waliokuwa wameshika dau la Ballyburn kwa Jumanne walimtambua farasi bora, walimtambua mapema, na fedha zao zikapotea.

Sasa turudi kwenye bei yako. Bei ya 6.00 ni sawa na kusema kwamba farasi ana nafasi moja kati ya sita, kasoro kidogo ya 17 kwa 100. Tuseme, baada ya kufikiri kwa uangalifu, unakadiria kuwa uwezekano wa kumwona mstarini Jumanne hiyo ni 60 kwa 100. Ili dau lako liwe na maana, basi, ni lazima uamini kwamba akishafika atakuwa na nafasi ya karibu 28 kwa 100 ya kushinda, yaani siku ya mbio awe ni farasi wa bei ya 3.60 au chini ya hapo. Kama unaona siku hiyo bei yake itakuwa 4.50, hakuna haraka yoyote ya kuweka dau leo, hata wenzako wakusukume namna gani.

Dalili za mahali atakapopelekwa zipo, ila zinahitaji subira. Angalia wenzake wa zizi moja, na zaidi uangalie wamiliki, kwa sababu mmiliki mwenye wanagenzi wawili wazuri hapendi kuwaona wakipambana. Mwaka 2022 mkufunzi Nicky Henderson aliwakimbiza Constitution Hill na Jonbon katika mbio hizo hizo za Jumanne, nao wakashika nafasi ya kwanza na ya pili. Kila mmoja alikuwa na mmiliki wake. Tazama pia namna farasi anavyokimbia: anayevuta hatamu tangu mwanzo na kuongeza kasi kwa ghafla mara nyingi hubakizwa kwenye mbio fupi, ilhali yule anayeonekana kuchelewa katikati kisha akamaliza akiwa bado na nguvu huenda akapelekwa Jumatano au Ijumaa.

Kuhusu kuwaacha wenzake mbali, nakuomba usiruhusu jambo hilo likutawale. Majira ya baridi ya Uingereza na Ireland huwa na mvua, na viwanja vya Novemba hadi Januari mara nyingi huwa tope zito. Anayezijua njia za Rungwe mwezi Aprili anafahamu kwamba kwenye tope mwenye nguvu humwacha mchovu mbali sana, bila kuwa na mbio kumzidi. Umbali kati ya farasi hutanuka mwishoni kwa sababu walio nyuma wamechoka, na huenda Machi ardhi ikawa ngumu zaidi na kasi ikawa nyingine kabisa. Kipimo ninachokiamini zaidi ni muda: linganisha muda aliotumia na ule wa mbio nyingine za viunzi zilizokimbiwa siku hiyo hiyo, uwanja huo huo, umbali huo huo. Mwanagenzi akiupita muda wa farasi wazoefu waliobeba uzito unaokaribiana na wake, hapo una jambo la kushika.

Halafu tazama miruko yenyewe, hasa viunzi viwili vya mwisho, wakati farasi amebanwa na mwingine yuko ubavuni mwake. Farasi aliyeongoza peke yake mbele ya wapinzani watano dhaifu hajaulizwa swali lolote. Katika mbio za ufunguzi wa Cheltenham kasi huwa kali tangu kiunzi cha kwanza, na anayepoteza nusu hatua kila anaporuka huwa amepoteza nyingi afikapo kwenye mpando wa kumalizia. Uwanja ule hukimbiwa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo farasi mwenye tabia ya kuruka akielekea kulia atajirefushia njia. Constitution Hill alikuwa amekimbia mbio mbili tu za viunzi kabla ya Machi 2022, zote katika uwanja wa Sandown ambao nao humalizia mlimani, lakini miruko yake ilikuwa ya haraka na ya chini, bila kusita, akashinda Cheltenham kwa tofauti ya urefu wa farasi 22. Uchache wa mbio haukumdhuru, kwa kuwa kile alichokwisha kuonyesha ndicho kilichokuja kuhitajika.

Ukikutana na farasi aliyetoka mbio za tambarare, zile zisizo na viunzi, akiwa na sifa ya kasi, kumbuka historia yetu wenyewe. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974 huko Christchurch, kisha akapata medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Kasi aliyokuwa nayo ilimfaa sana, lakini ilimbidi ajifunze kuruka bila kuipoteza, na farasi naye hana njia nyingine.

Kwa farasi wako, mimi ningesubiri mbio za Leopardstown za mwanzoni mwa Februari zipite. Bei itapungua, sikatai, lakini utakuwa umejua mengi kuhusu wapinzani na kuhusu njia ya kila mkufunzi.

SWALI: Mhariri, nimeweka dau la mapema na sasa nasikia farasi wangu ni mgonjwa. Je, nitarudishiwa fedha zangu?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Kwa dau la kawaida la mapema, hapana. Mbio zinapokaribia, baadhi ya kampuni hubadilisha masharti na kuahidi kurudisha dau farasi asipokimbia, lakini ahadi hiyo huhusu madau yaliyowekwa baada ya kutangazwa, na bei zake huwa ndogo zaidi. Yasome masharti kabla ya kulipa, na uhakikishe kampuni ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, maana bila leseni huna pa kupeleka malalamiko. Ugonjwa haumheshimu bingwa: Constitution Hill, aliyekwisha kutwaa Champion Hurdle, mbio za ubingwa wa viunzi za tamasha hilo la Cheltenham, mwaka 2023, alitarajiwa na wengi kuitetea mwaka 2024, lakini afya yake ikatetereka wiki chache kabla na hakukimbia. Mwanagenzi, ambaye mwili wake bado unazoea kazi ya viunzi, nisingempa uhakika mkubwa kuliko huo.

SWALI: Nataka kutengeneza mkeka, yaani dau moja linalowaunganisha, wa wanagenzi wanne wa Cheltenham mwezi huu wa Desemba, kwa sababu bei zikizidishwa zinavutia sana. Unanishauri nini?
Msomaji, Kihesa, Iringa

JIBU: Nakushauri usiutengeneze sasa. Katika mkeka wa mapema, farasi mmoja tu asipokimbia mkeka wote umechanika, hata kama wengine watatu watashinda. Tukadirie kwa ukarimu kwamba kila mmoja ana uwezekano wa 70 kwa 100 wa kufika katika mbio ulizomchagulia. Uwezekano wa wote wanne kufika ni takribani 24 kwa 100, na hapo hakuna hata mmoja aliyekwisha kuruka kiunzi. Ikiwa unawapenda wote wanne, gawanya fedha uliyokusudia katika madau manne madogo yanayojitegemea, au subiri hadi kampuni yako itangaze kurudisha dau la farasi asiyekimbia, ndipo uwaunganishe.