Kilomita 15, watu 20: anzeni mapema

Ndugu, umeuliza kama kikundi chenu cha watu 20 kinaweza kutembea kilomita 15, kupanda vilima vyenye jumla ya mita 600, kupita ziwani na kuwahi basi saa kumi na moja jioni, mkianza saa nne asubuhi. Kwenye karatasi, ndiyo. Kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeiandika mwaka 1892, huhesabu saa moja kwa kila kilomita 5, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenu ni mwendo wa saa nne.

Lakini hiyo ni hesabu ya mtu mwenye miguu myepesi asiyesimama. Kikundi husimama: mmoja anafunga kamba za kiatu, wawili wanajisaidia, wote wanapiga picha ziwani (dakika 20 zimeyeyuka hapo). Mimi ningeweka muda wa saa sita na nusu, na ningeanza saa mbili asubuhi.

Mwenye mwendo wa pole mweke karibu na mbele. Kosa ninaloliona kila mara ni hili: waliotangulia wanamsubiri, akifika tu anahema, wao wanainuka. Wamepumzika, yeye bado. Mzoefu mmoja awe wa mwisho, na mhesabiane kila njia panda.

Anayehisi kiatu kinamchoma kisiginoni asione haya. Abandike plasta hapo hapo kabla ya lengelenge. Masweta bebeni hata jua likiwaka. Upepo wa kileleni hauna adabu.