Kabla hujaandika sifuri kwenye safu ya rushwa

Wadogo zangu mnaotoka Chuo cha Uhasibu hapa Njiro, au Ushirika kule Moshi, mkaingia kwenye uchambuzi wa uwekezaji endelevu (ule unaopima pia mazingira, jamii na uadilifu wa kampuni, si faida tu), karibuni. Mapema tu mtakutana na jedwali la Excel lenye safu inayouliza: kampuni hii imetiwa hatiani mara ngapi kwa rushwa, na imelipa faini kiasi gani? Kiashiria hicho kimo kwenye kanuni za Umoja wa Ulaya za uwekezaji endelevu, ndiyo maana wateja wa nje hukiulizia.

Wengi hufungua ripoti ya mwaka, hutafuta neno faini, wasipoliona hujaza sifuri na kuhamia safu nyingine. Msifanye hivyo.

Chukueni kesi inayotuhusu wenyewe. Mwaka 2015 Standard Bank ya London ilikubali kulipa dola milioni 25.2 kwa mamlaka za Uingereza, na kuirudishia serikali ya Tanzania dola milioni 6 pamoja na riba. Chanzo kilikuwa malipo ambayo kampuni dada, Stanbic Tanzania, ilimpa wakala wa hapa nchini katika mkopo wa serikali wa dola milioni 600. Lakini benki haikutiwa hatiani: yalikuwa makubaliano ya kuahirisha mashtaka, yaani kesi inasimamishwa kampuni ikitimiza masharti. Ukihesabu hukumu, unapata sifuri. Halafu benki ile ilikuwa imeshauzwa kwa sehemu kubwa na kuitwa ICBC Standard Bank, kwa hiyo anayetafuta jina moja tu anaweza kuikosa kabisa.

Kesi ya rada iliyouzwa kwa Tanzania nayo ina mtego wake. BAE Systems, kampuni ya silaha ya Uingereza iliyoiuza, ilikiri kosa mwaka 2010 na kupigwa faini ya pauni 500,000, lakini kosa lenyewe lilikuwa kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu. Neno rushwa halimo kwenye shtaka. Fedha kubwa, pauni milioni 29.5 ambazo BAE iliilipa Tanzania na zikaja kununua vitabu na madawati, hazikuwa faini kisheria. Utaziweka safu gani? Mimi huongeza safu ya maelezo kando, hata bosi akinuna.

Kwa hiyo tafuteni kwa majina ya zamani na ya kampuni tanzu. Someni maelezo yaliyo nyuma ya hesabu zilizokaguliwa, hasa kesi na madai yanayosubiri. Pitieni pia taarifa za waendesha mashtaka wa Uingereza na Marekani, na za TAKUKURU. (Bodi ya Umoja wa Afrika ya kupambana na rushwa ipo hapa hapa Arusha, ila haitawajazia jedwali.) Rudini nyuma miaka kumi na zaidi, mkataba wa rada ulikuwa wa 1999.

Na kampuni ambayo haijawahi kuchunguzwa na mtu, kwenye safu yake andikeni "hakuna taarifa". Sifuri ibakie kwa ile mliyoitafuta mkaikuta safi.