Re: Masters ya afya UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), sampuli lazima ziende Dar?

Mkuu umeuliza kama ukifanya utafiti wa damu hapa UDOM utalazimika kupeleka sampuli Dar, sio lazima kihivyo, inategemea unapima nini. Chuo ni cha 2007 tu lakini hospitali ya Benjamin Mkapa iko palepale jirani tangu 2015, na sehemu iliyoanza kupandikiza figo 2018 haiwezi kukosa maabara ya maana.

Ila kinachoua tafiti nyingi ni friza ya kutunzia sampuli, sio mashine za kupimia. Mi nilishapoteza boksi zima la seramu (yale maji ya damu yanayobaki ikishaganda), sitasema wapi, umeme ulikatika usiku wa Ijumaa jenereta haikuwaka, Jumatatu nafungua nakuta vichupa vimeyeyuka na maandishi ya kalamu yamefutika yote, aisee nililia, maana ile ni damu ya kina mama waliotoka Bahi alfajiri na njaa zao. Kwahiyo kabla hujachoma mtu sindano ulizia friza ya nyuzi -80 ina alamu? nani anapigiwa simu usiku? Afu kila sampuli igawe vichupa viwili, friza tofauti. Na kibali cha maadili ya utafiti anza kukifuatilia leo, bila hicho hugusi mkono wa mtu.