Kabla hujapaka rangi injini ya mvuke, gonga kwanza

Vijana wengi wa Jinja na hata Kampala wananiuliza, wameona injini ya mvuke imelala kwenye nyasi mahali, wanataka ibebe abiria tena, waanzie wapi. Anzieni kwenye boila jamani, lile tangi la chuma linalochemsha maji kuwa mvuke. Msinunue hata kopo moja la rangi mpaka boila imepimwa.

Sisi tulianza vibaya. Injini yetu ilikuwa ndogo, ya reli yenye upana wa futi 2, zile za kuvuta miwa shambani huku Busoga, siyo kama reli kuu yenye upana wa mita 1 iliyofika Kampala 1931. Ilikaa nje miaka inanyeshewa. Tukakwangua kutu, tukapaka kijani na nyekundu, ikang'aa kweli, watu wakaja na watoto wao kupiga picha na kuchanga pesa, na mimi ndo niliwaahidi wazazi kwamba Krismasi watoto watapanda.

Halafu akaja mzee mmoja, fundi boila mstaafu, alifanya kazi reli enzi zile za Jumuiya ya Afrika Mashariki kabla haijavunjika 1977. Rangi hakuiangalia kabisa. Akaomba tochi na nyundo ndogo, akaingiza kichwa ndani ya tanuru, kile chumba cha moto cha boila, akaanza kugonga. Mle ndani kuna boliti nyingi sana zinazoshika ukuta wa ndani na wa nje zisiachane mvuke ukisukuma. Iliyo nzima inalia ngii, iliyokatika inalia du, kama unagonga debe lenye unga. Kila akisema "hii imekufa mwanangu" mimi naweka alama ya chaki, na alipotoka pembe zote mbili za juu zilikuwa nyeupe kwa chaki. Tukatafuta kile kifaa cha kupima unene wa chuma kwa mawimbi ya sauti, tukakuta chini kabisa ya tanuru, pale tope la maji linapotuama, bati limeliwa vibaya. Ikabidi nirudi kwa wale wazazi niwaambie hakuna Krismasi. Iliniuma sana.

Basi bati bovu likakatwa, boliti zikabadilishwa, mabomba ya moshi yote yakatolewa tukaweka mapya, na hapo ndo pesa nyingi ilikoishia, kwa hiyo pangeni bajeti mkijua hivyo. Kuchomelea boila siyo kazi ya welda wa mageti, tafuteni mwenye cheti cha vyombo vya presha. Baada ya hapo mnaijaza maji mpaka hewa yote itoke, mnaisukuma kwa pampu kupita presha yake ya kazi, kawaida mara moja na nusu. Kwa nini maji na siyo mvuke? Maji hayabanwi, chuma kikiachia yanavuja tu presha inashuka, mvuke ungeua watu. Msiruke hii hatua hata mkaguzi akichelewa miezi.

Moto wa kwanza uwe mdogo, vijiti tu, siku mbili taratibu, maana chuma kikipata joto haraka kinavutana na viungo vinaanza kuvuja. Na mle juu ya tanuru kuna kizibo chenye madini ya risasi ndani, maji yakipungua risasi inayeyuka mvuke unamwagikia moto kuwaonya. Wekeni kipya, cha zamani msikiamini.

Mabehewa nayo yasifungwe kwa mnyororo tu kama ya miwa. Abiria wanahitaji breki ya vakyumu, yaani ya bomba lililonyonywa hewa, inayopita treni nzima, kwamba behewa likichomoka hewa inaingia na breki zinajikamata zenyewe pande zote mbili.

Maji tunatumia ya mvua, ya kisima chetu yalikuwa yanaacha ukoko kwenye mabomba. Kuni ni kalitusi kavu, lakini kuni zinatupa cheche na sisi tunapita katikati ya miwa, cheche moja tu wakati wa kiangazi shamba la mtu limekwisha. Kwa hiyo tuliweka wavu wa chuma kwenye chumba cha moshi chini ya dohani. Watoto walipanda Pasaka ya mwaka uliofuata, na mpaka leo kila asubuhi kabla ya kuwasha naumulika ule wavu kwa tochi, nikikuta tundu la kupita kidole nalishona siku hiyohiyo, abiria wanasubiri.