Mabaka ya mashavuni tangu ujauzito
Dada yangu wa Ngamiani, mabaka ya kahawia yaliyokutoka mashavuni ukiwa mjamzito, na ambayo krimu ya kung'arisha imeyazidisha, nayafahamu, kwani yalinipata mimi pia. Acha krimu hiyo leo, hasa kwa kuwa unanyonyesha: baadhi yake huwa na zebaki, inayodhuru figo na kumfikia mtoto, au steroidi, inayofanya ngozi iwe nyembamba. Ngozi ikiwaka baada ya kuiacha, muone daktari wa ngozi.

Jua letu la Tanga ndilo linaloyakoleza. Jitande mtandio, upake losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, urudie kila saa 2 ukiwa nje. Yangu yalichukua miezi mingi kufifia. Ndimu usiiguse kabisa, kwani huunguza ngozi juani.

Baka likiwa limepauka kuliko ngozi yako na halihisi mguso, wahi hospitali ya Bombo, kwani huenda ni ukoma, nao unatibika.