Mamluki, askari wa kukodi, na jemadari mwenye jeshi lake

SWALI: Ninaandaa maelezo ya Vita vya Miaka Thelathini vya Ulaya (1618–1648) kwa wanafunzi wangu. Nimeandika: "Ernst von Mansfeld alikuwa mamluki, na wamamluki wake walipigania Waprotestanti." Mwenzangu anasema nifute "mamluki" niweke "askari wa kukodi". Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu mwalimu, "wamamluki" lifute. Neno hili halibadiliki katika wingi: mamluki amefika, mamluki wamefika. Upatanisho wa kitenzi unatosha.

"Mamluki" lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya mtumwa, mtu anayemilikiwa, na lilishika zaidi kwa wale askari wa asili ya utumwa walioitawala Misri kuanzia 1250 hadi 1517. Kiswahili kimeuacha utumwa huo na kubaki na mtu anayepigana kwa malipo. Lakini Tanzania limesogea tena. Kijana asiye mwanafunzi akichomekwa kwenye timu ya shule, huyo ni mamluki. Mwanachama anayeshukiwa kutumikia chama pinzani, naye mamluki. Wanafunzi wako watamwona Mansfeld kuwa mtu wa kupandikizwa, na hilo si kweli. Alilelewa Mkatoliki, akawatumikia Wahabsburg, ukoo wa Kikatoliki uliotawala Austria, kisha akahamia upande wa Waprotestanti mchana kweupe, na kila aliyempa kazi alimjua ni nani.

Sasa "askari wa kukodi". Ni Kiswahili safi, kama tunavyosema gari la kukodi, na "askari wa kukodiwa" pia ni sahihi. Kwa wale waliobeba mikuki na bunduki, mwenzako amepata. Kwa Mansfeld mwenyewe hapana, na hapa naomba tukitazame vizuri kitenzi, maana mnyambuliko wake unaieleza biashara ile ya vita kuliko nomino yoyote.

Anayetoa fedha ili atumie kitu cha mwingine anakodi. Mwenye kitu anakodisha. Kinachotumiwa kinakodiwa. Mwaka 1618 Mansfeld aliingia Bohemia (sehemu ya Cheki ya leo) na jeshi lililokuwa limeundwa kwa fedha za Mtawala wa Savoy, akauteka mji wa Pilsen mwezi Novemba. Baadaye akamtumikia Frederick V, mtawala Mprotestanti wa Palatinate huko Ujerumani. Frederick alipomwachisha kazi Julai 1622, lile jeshi halikusambaratika. Mansfeld aliondoka nalo, akalikodisha kwa Waholanzi, na mwezi Agosti wakapigana na Wahispania huko Fleurus. Angekuwa askari wa kukodi tu, kazi ingeishia pale alipoachishwa. Jeshi lilikuwa mtaji wake: aliwakodi askari, akalikodisha jeshi, na yeye mwenyewe akakodiwa pamoja nalo. Kumwita "mamluki" kwa mkato kunamweka kapu moja na kijana aliyejiandikisha kwake ili apate mkate, ilhali mmoja alikuwa tajiri wa kazi na mwingine kibarua.

Ningemwita "jemadari wa jeshi la kukodi". Sichagui "amirijeshi", kwa kuwa masikioni mwetu neno hilo limekaa na mamlaka ya dola. Linamfaa zaidi Albrecht von Wallenstein, aliyemshinda Mansfeld kwenye daraja la Dessau Aprili 1626. Naye aliunda jeshi kwa mali na mikopo yake, lakini alikuwa amekabidhiwa uongozi wa majeshi ya Kaisari Ferdinand II, Mhabsburg aliyepigana upande wa Wakatoliki.

Jambo moja hukuuliza, ila linanisumbua katika sentensi yako: "walipigania Waprotestanti". Kupigania ni kutetea unachokithamini, kama tunavyopigania haki au uhuru. Hatuwezi kuwabebesha nia hiyo askari waliofuata mshahara. Andika: "Ernst von Mansfeld alikuwa jemadari wa jeshi la kukodi, na askari wake walipigana upande wa Waprotestanti."