Uwanja wa besiboli kwa fedha za umma
Kwa anayeuliza iwapo jiji lijenge uwanja ili timu ya besiboli ya kulipwa isihame, jibu langu ni hapana, isipokuwa mwenye timu abebe sehemu kubwa ya gharama. Timu ya ligi kuu ya Marekani hucheza nyumbani mechi 81 tu kwa msimu, na fedha ambazo mashabiki huziacha uwanjani aghalabu ni zile zile ambazo wangezitumia kwingineko mjini humo. Uwanja wa Kingdome wa Seattle ulilipuliwa kwa baruti mwaka 2000, ilhali deni lake liliendelea kulipwa kwa kodi hadi 2015. San Francisco ilipata uwanja wake mwaka huo huo wa 2000, kwa sehemu kubwa kwa mtaji binafsi, na timu ikabaki.